Jibu: Wanaingia kwenye tovuti ya vitenge, hawanunui

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wanatoka Instagram, wanaingia kwenye tovuti yako ya vitenge, wanaangalia kisha wanaondoka. Anza na picha. Picha ya simu ikipandishwa ilivyo mara nyingi ina MB 3 au zaidi, kwa hiyo ukurasa wenye picha 20 unamla mteja bando la MB 60 kabla hajafika chini. Punguza upana uwe pikseli 1000 hivi, hifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lisilo zito), kila picha isizidi KB 150. Halafu pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, upande wa simu, siyo wa kompyuta. Google wanataka kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Lakini mauzo mengi yanapotelea kwenye bei. Hiyo "bei njoo inboksi" iondoe leo. Chini ya kila picha andika bei, yadi ngapi, ni pamba au polista, kinachuja rangi au hakichuji, na gharama ya kutuma kwa bodaboda mjini na kwa basi mkoani. Gharama ya usafiri ikijitokeza hatua ya mwisho, mteja anaona umemficha, anafunga.

Fomu ya oda iwe na jina, simu na mahali pa kupelekewa, basi. Usimlazimishe kufungua akaunti. Malipo ya simu yaunganishe na tovuti ili ombi la namba ya siri limfuate kwenye simu yake. Akinakili namba ya kulipia kwa mkono anaweza kukosea.

Ukimaliza, chukua simu ya bei ndogo, zima Wi-Fi, ujiagizie kitenge mpaka mwisho.