Mzingile si njia panda

Mwalimu wa darasa la nne huko Ujiji ameuliza hivi: "Kwenye kitabu cha mazoezi kuna mchoro wa vijia vingi vilivyopindana, mtoto achore mstari kumfikisha sungura kwenye karoti. Mimi niliandika ubaoni 'njia panda', mwenzangu akasema ni 'labirinthi'. Tuuiteje?"

Mwalimu, uite mzingile. Neno hili limetokana na kuzinga, yaani kuzunguka, na shina hilohilo ndilo lililotupa kuzingira, mzingo na mazingira. Kamusi zina pia mzingile mwambiji, maana ni ileile.

Njia panda haifai hata kidogo. Penye njia panda njia zote unaziona, unachagua, unakwenda zako. Kwenye mzingile unachagua bila kujua, unagonga ukuta, unarudi, na kona uliyorudia huna hakika kama ndiyo ile ya mwanzo. Niliwahi kutafuta nyumba yenye msiba hapohapo Ujiji, kwenye vichochoro. Mara tatu nilitokea kwenye mwembe uleule, na wakati wote nawasikia wasomaji wa Kurani nyuma ya ukuta. Ninakokwenda ni karibu, njia ndiyo inanizungusha. Huo ndio mzingile.

Labirinthi ni neno la Kigiriki. Wagiriki walisimulia kwamba Minos, mfalme wa Krete, alimjengesha fundi Daedalus jumba la namna hiyo ili amfungie Minotaur, kiumbe nusu mtu nusu fahali. Shujaa Theseus aliingia akamuua, akatoka kwa kuufuata uzi aliopewa na Ariadne, binti wa Minos. Anayelitaja jumba hilo kwa jina lake la Kigiriki hakosei.

Madaktari nao hulitumia neno hilo kwa sikio la ndani, lenye mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji, inayotusaidia tusiyumbe. Pakivimba humo, mtu hushikwa na kizunguzungu. Hapo pia napenda sana tuseme mzingile wa sikio. Mgonjwa ataelewa mara moja.

Kwa mambo yasiyoonekana, sema "kesi ya kiwanja imekuwa mzingile", kama kila ofisi inakurudisha kwa nyingine. Hesabu ngumu tu haijawa mzingile. Hiyo ni fumbo.

Wingi wake ni mizingile: mzingile huu, mizingile hii. Ubaoni andika: "Mwongoze sungura apite kwenye mzingile huu mpaka aifikie karoti."