Nani Alipokea? Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kuuza eBay

"Kaka, trakingi inasema imefika, mteja anasema hajaiona. Kesi si nimeshinda?"

Simu ya dola 900, imetumwa bila saini, yaani bila ile huduma inayomtaka mpokeaji asaini ndipo akabidhiwe mzigo. Swali hili naletewa kila mara na vijana wetu wanaoanza kuuza huku Marekani. Kila mara najibu kwa upole, na upole wenyewe umeanza kupungua. Hapana, hujashinda. Kwa oda ya kiasi hicho trakingi, yaani ule ufuatiliaji wa mzigo mtandaoni, peke yake haitoshi, na utaratibu huo uko wazi kwenye kurasa za eBay kwa yeyote anayezisoma kabla ya kuchapisha lebo.

Naandika kwa sababu nawapenda. Wengi wenu mnafunga mizigo baada ya kutoka zamu ya usiku, mtaji mmeudunduliza, na boksi moja likipotea limeondoka na kodi ya nyumba. Kufungua akaunti, kupiga picha, kuandika tangazo, hayo mnayaweza kuliko mimi. Leo tuongee saini tu.

1. Mstari ni dola 750, na unahesabiwa kwa jumla aliyolipa mnunuzi.

Bei uliyoandika kwenye tangazo ni sehemu tu ya jumla hiyo. Ongeza usafirishaji, ongeza na kodi ya mauzo. Ikifika 750 au ikizidi na hukuweka saini, mnunuzi akisema "sijapokea" huna kinga. Hapa ndipo mnapoteleza, na ndipo nilipoteleza mimi, tena kwa mali isiyokuwa yangu.

Kulikuwa na mzee wetu mmoja, mpiga picha za harusi. Magoti yalipoanza kumsumbua akaamua kuachana na kazi ya kusimama ukumbini mpaka usiku wa manane. Akaniletea lenzi yake ya Canon, ile nyeupe ndefu ya milimita 70 hadi 200, ikiwa bado na mfuko wake wa awali, kioo hakina hata mkwaruzo. "Niuzie mwanangu, wewe ndiye unayeyajua haya mambo." Nikaiuza dola 689, usafirishaji dola 15, mnunuzi yuko Texas. Nikapiga hesabu kichwani: 704. Iko chini ya 750. Kile kisanduku cha saini nikakiacha bila tiki, nikaokoa dola chache, boksi nikalipeleka posta.

Nilichosahau ni kodi. Texas, ukijumlisha ya jimbo na ya mji, inafika asilimia 8.25, na kule hata gharama ya usafirishaji inatozwa. Asilimia 8.25 ya 704 ni dola 58 na senti 8. Mnunuzi alikuwa amelipa 762.08. Kodi hiyo muuzaji huishiki mkononi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, na baada ya hapo majimbo yakawabana wenye masoko ya mtandaoni wakusanye kodi wao wenyewe. Kwa hiyo eBay inaichukua kwa mnunuzi na kuipeleka jimboni moja kwa moja. Kwa kuwa haipiti mfukoni mwako, unaisahau kwenye hesabu. Lakini kwenye ukurasa wa oda ipo, imeandikwa karibu kabisa na jumla. Mimi nilisoma mstari wa bei na wa usafirishaji nikafunga ukurasa.

Mzigo ukafika. Trakingi ikaandika "Delivered, Front Door/Porch", yaani umefikishwa mlangoni au kibarazani, saa nane mchana. Baadaye ujumbe ukaingia: sijaona kitu. Nikamtumia picha ya trakingi. Akajibu kwamba ametafuta nyumba nzima na majirani amewauliza. Sikumtuhumu, na ninyi msiwe wepesi wa kutuhumu. Boksi likiachwa kibarazani mchana, watu wako kazini, mpita njia analibeba na mwenye nyumba hana kosa lolote. Akafungua kesi eBay kudai fedha yake. Nikaandika maelezo marefu, nikaambatanisha risiti ya posta, namba ya trakingi, kila nilichokuwa nacho. Jibu lilikuja fupi: oda imezidi 750, uthibitisho wa saini haupo. Dola 704 zikatoka kwangu zikarudi kwa mnunuzi. Lenzi haikuonekana tena.

Kazi ikawa kwenda kumwambia mzee. Nilimkuta sebuleni na kikombe cha chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vipi, imeshapata mtu?"

Nikamweleza yote, na kodi ya Texas, na kisanduku nilichokiacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe mezani.

"Sasa huko alipokea nani?"

Nikasema imeandikwa kwamba ilifika kibarazani.

"Sikuulizi ilifika wapi. Nakuuliza alipokea nani."

Sikuwa na jibu. Yeye amekulia Mwanza, miaka yote anatuma mizigo kwa basi. Boksi linaandikwa jina la mpokeaji na namba yake ya simu, na kule linakoshukia halitoki ofisini mpaka mwenyewe ajitambulishe. Kwake swali lile lilikuwa la kawaida kabisa. Mimi nilikuwa nimelisahau kwa sababu skrini imeniandikia "Delivered" kwa rangi ya kijani. Nilimlipa fedha yake yote, kidogo kidogo, kutoka kwenye mshahara. Kila nilipompelekea bahasha alinikaribisha chai, na hilo liliniuma kuliko angenifokea.

Basi, wadogo zangu, soma jumla iliyoandikwa chini kabisa ya ukurasa wa oda. Lenzi ileile kwa bei ileile ingekwenda Portland, Oregon, ambako hakuna kodi ya mauzo, jumla ingebaki 704. Huwezi kukariri viwango vya kila jimbo na kila mji, na huna haja, namba imeshapigwa hesabu mbele yako. Mimi siku hizi siungoji hata huo mstari. Kitu chochote cha zaidi ya dola 500 nakiwekea saini, na simu au saa naanzia chini ya hapo.

2. "Left with Individual" (ameachiwa mtu) haihesabiki kuwa saini.

Hili limewaponza wengi. Mtu wa posta akimkuta mtu mlangoni akamkabidhi boksi, anachagua neno hilo kwenye kifaa chake. Hakuna aliyesaini na hakuna jina. Vilevile "Front Desk/Reception/Mail Room" kwenye majengo ya apatimenti: maana yake boksi limeachwa mapokezi, na pale mapokezi yanarundikana maboksi ya jengo zima.

3. Jua unanunua saini gani.

Signature Confirmation ya USPS, yaani posta ya Marekani, inasainiwa na mtu yeyote aliyepo kwenye anwani ile, awe mke, mgeni au msimamizi wa jengo. Ukitaka mpokeaji mwenyewe au aliyemteua, kuna Restricted Delivery. Ukitaka mtu mzima wa miaka 21 au zaidi, mwenye kitambulisho, kuna Adult Signature. Kwa FedEx, kampuni binafsi ya usafirishaji, kuwa makini na ile inayoitwa Indirect, kwa sababu inaruhusu hata jirani asaini. Kwa bidhaa ya bei kubwa chukua Direct.

4. Saini inanunuliwa pamoja na lebo.

Ukishakabidhi mzigo umechelewa. Kama umechapisha lebo halafu ukakumbuka, na boksi bado liko mezani, futa lebo hiyo uchapishe nyingine. Msione uvivu, ni dakika chache.

5. Usiweke saini kwenye kila kitu.

Najua mkishaungua mara moja mnakimbilia upande wa pili. Kuna binti mmoja wa kwetu anauza viatu vya mtumba, mchapakazi haswa, anavisafisha mpaka nyayo kwa mswaki. Aliibiwa oda moja akaanza kuweka saini kwa kila jozi, hata ya dola 35. Wanunuzi wake ni watu wa kazi. Mtu wa posta anakuja mchana anakuta mlango umefungwa, anaacha ile karatasi ya taarifa, mnunuzi inabidi aombe kuletewa tena au apange foleni posta Jumamosi. Wengine hawaendi. USPS hushikilia boksi siku 15 halafu linarudi kwa aliyetuma. Akawa anapokea viatu vyake mwenyewe, na maoni ya wateja yakaanza kuwa machungu. Mmoja alimwandikia kwamba amenunua raba tu na anafanyiwa kama amenunua dhahabu.

Nilimwambia: dada yangu, jozi ya dola 35 ikipotea utalia siku moja, lakini wateja wakikuhama duka limekwisha. Alipunguza, na mambo yake sasa yako vizuri.

Na pale unapoweka saini, mwambie mnunuzi mapema. Andika hivi: mzigo wako unahitaji saini, unatarajiwa siku fulani, kama hutakuwepo nyumbani waombe wenye kusafirisha waushikilie ofisini kwao ukauchukue. Sentensi hizo chache zimeniokolea maboksi mengi yasirudi.

6. Mnunuzi akikuomba usiweke saini, au akikuomba ubadilishe anwani.

La kwanza, kama jumla inafika 750, kataa kwa heshima. Mwenye nia njema ataelewa, na ana njia ya kuomba boksi lishikiliwe mahali pa kuchukulia. La pili ni hatari zaidi. "Nimehama, nitumie kwa anwani hii." Kinga yako inafuata anwani iliyoandikwa kwenye oda. Ukipeleka kwingine, hata ukiwa na saini safi, umepeleka kwa hiari yako. Futa oda, anunue upya kwa anwani sahihi.

Hapa niwaguse na ninyi mnaouzia ndugu zetu walioko Dar, Nairobi na Mombasa kupitia maghala ya wasafirishaji. Mengi yako Delaware au Oregon, na mojawapo ya sababu ni hiyohiyo kwamba hakuna kodi ya mauzo. Boksi likifika ghalani, anayesaini ni mfanyakazi wa ghala, na kwa upande wa muuzaji safari imeishia hapo. Kinga ya mnunuzi ya eBay haiendelei na boksi mpaka Kariakoo. Kwa hiyo shangazi yako akinunua kwako kwa njia hiyo, mweleze kabla hajalipa. Ni damu yako, usimwache aje kugundua mwenyewe bandarini.

7. Saini haikusaidii mnunuzi akisema kitu si kama kilivyoelezwa.

Saini inajibu swali moja: je, kilifika na kikapokelewa? Mnunuzi akisema amepokea simu mbovu, au boksi tupu, hiyo ni kesi nyingine kabisa na saini yako haina kazi. Kijana mmoja alirudishiwa simu isiyo yake, rangi ni ileile, modeli ni ileile. Kilichomsaidia kujenga hoja ni picha ya namba ya IMEI, ile inayoitambulisha kila simu, aliyoipiga kabla ya kufunga, simu ikiwa imewashwa na boksi likionekana pembeni. Piga picha hizo kila mara. Mzigo wa thamani upeleke kaunta, usiutumbukize kwenye sanduku la barabarani, kwa sababu risiti ya kaunta inaonyesha uzito na saa uliyokabidhi.

8. Bima ni kitu kingine.

Bima inahusu mzigo uliopotea au kuharibika njiani. Mzigo ambao trakingi imeandika "Delivered" kwa kawaida hauhesabiwi kuwa umepotea, kwa hiyo kununua bima kubwa ukaacha saini ni kulinda upande mmoja tu. Priority Mail, huduma ya haraka ya USPS, inakuja na bima ya dola 100 ndani ya bei yake, na kwa kamera au saa hiyo ni ndogo mno.

9. Chukua nakala ya saini mapema.

Boksi likishapokelewa, ingia kwenye trakingi, omba uthibitisho utumwe kwa barua pepe, uhifadhi pamoja na oda. Soma jina lililosainiwa. Kama halifanani na la mnunuzi usiogope, mtu wa anwani ile anaruhusiwa kusaini, ila mwandikie mnunuzi siku hiyohiyo: mzigo umepokelewa na fulani, saa fulani, naomba uhakikishe uko salama. Wengi watakujibu "nimeupata, asante", na ujumbe huo unabaki kwenye mazungumzo yenu ndani ya eBay. Mnunuzi ana siku 30 baada ya tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika kufungua kesi ya kutopokea. Kesi ikifunguliwa una siku 3 za kazi za kujibu kabla hajaweza kuiita eBay iingilie. Weka taarifa za programu ziwe wazi hata ukiwa zamu, na jibu siku ya kwanza, ukiwa na ile nakala.