Pepa imerudi mara mbili, mwalimu anaandika "hoja yako iko wapi?"

SWALI: Shikamoo ticha. Niko chuo hapa Mwanza mwaka wa pili, nasoma mazingira. Tumepewa asainimenti ya kuandika pepa ya utafiti ya kushawishi, kurasa 8, mi nikachagua mifuko ya plastiki. Nimeandika historia ya plastiki, aina zake, madhara kwa mifugo na kwa ziwa, sheria ya 2019 halafu mapendekezo, jumla kurasa 11 na rejea 23. Imerudi mara mbili na wino mwekundu, zote kaandika "hii ni ripoti, hoja yako iko wapi?" Sasa hoja si ndo hiyo kwamba plastiki ni mbaya? Nimebakiza siku 12. Nianze upya au? Na Kiingereza changu ndo hivo tena, cha kuungaunga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pepa uliyonitumia nimeisoma. Pole, ila mwalimu wako kakutendea haki, angekuwa mvivu angekupa C akaendelea na mambo yake. Mi nasimamia kazi za wanafunzi mwaka wa kumi na kitu sasa na hilo swali nimeliandika pembeni mwa karatasi za watu mpaka kidole kimeota sugu, na kabla ya hapo niliandikiwa mimi. Pepa yangu ya kwanza ilikuwa ya ukataji miti, kurasa 15, nimeipigia chapa vizuri nikaipa na jalada la plastiki (ndiyo, plastiki), msimamizi akaandika ukurasa wa mwisho maneno mawili tu: "Kwa hiyo?" Nilinuna wiki nzima.

Shida yako iko hapa: kwamba plastiki ni mbaya hakuna anayekataa. Kasimame soko la Kirumba asubuhi umuulize yeyote pale, muuza dagaa, mbeba mizigo, askari mgambo, wote watakwambia eeh ni mbaya, huku samaki wako wanatiwa kwenye plastiki. Ukimshawishi mtu ambaye ameshakubali hujamshawishi, umemsalimia tu. Pepa ya kushawishi inaanza pale unapompata mtu mwenye akili zake timamu ambaye anakukatalia, na ana sababu.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki, hakihitaji hata laptop. Jioni mwenzako wa chumbani akiwa anapiga pasi, mwambie dai lako, yaani ile hoja anayoulizia mwalimu, kwa sentensi moja, kwa Kiswahili. Akijibu "mh, kweli aisee" akaendelea na kola yake, huna dai. Akiacha pasi akasema "hapana bwana, wewe unaongea tu", mshike hapohapo, muulize kwa nini, na andika anachosema maana amekupa nusu ya pepa bure.

Sasa tuchimbe hiyo mada yako maana mada siyo mbaya, umeiweka mbali mno tu. Marufuku ya Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Umeinukuu, lakini nina wasiwasi umeinukuu kutoka kwenye gazeti. Ukifungua kanuni zenyewe utaona kilichopigwa marufuku ni mfuko wa kubebea, lile rambo. Vifungashio vya bidhaa, mfano vya dawa, vya chakula cha kiwandani, vya kilimo na ujenzi, viliachwa. Na ukikutwa na mfuko uliokatazwa faini ni shilingi 30,000 au kifungo kisichozidi siku 7 au vyote viwili. Haya, watu wakafanyaje? Vile vinailoni laini visivyo na mikono, vilivyokuwa vya karanga na ubuyu, vikaanza kubeba nyanya, vikabeba maharage, vikabeba samaki, mpaka serikali ikarudi tena na katazo la kuvitumia kama mifuko. Hapo ndo pana stori! Wewe umeipa mistari miwili ukurasa wa 9 halafu historia ya plastiki ukaipa kurasa tatu nzima.

Kwa hiyo dai laweza kuwa hivi: "Marufuku ya 2019 iliua rambo lakini kazi yake ikachukuliwa na kifungashio, kwa hiyo halmashauri iache kukimbizana na mama wa nyanya, ipeleke wakaguzi kwa wauzaji wa jumla." Umeona tofauti? Hili lina maadui. Afisa mazingira atakwambia mwenye duka la jumla ana stoo tatu na akisikia wakaguzi wanakuja anahamisha mzigo usiku, bora yule mama ambaye yuko barabarani anaonekana. Mwenye duka atasema yeye anauza kifungashio halali, mteja akikifanya mfuko ni juu yake. Na mtu wa tatu atasema usimwache huyo mama, bila yeye kuogopa faini hakuna kitakachobadilika. Watu watatu wa kubishana nao kwenye kurasa 8, wanatosha sana.

Tuje kwenye ushahidi, maana hapa ndo wengi mnaanguka na hata sisi tunaanguka. Rejea 23 hazinitishi, najua zinavopatikana. Chukua ile sentensi yako "kila mwaka tani milioni 8 za plastiki huingia baharini", umeweka rejea ya blogu fulani. Hiyo namba ina kwao. Ni utafiti ulioongozwa na Jenna Jambeck, ukatoka kwenye jarida la Science mwaka 2015, na ndani yake hakuna "kila mwaka milioni 8". Wao walikadiria kwamba kwa mwaka 2010, kutoka nchi 192 zenye pwani, ziliingia baharini kati ya tani milioni 4.8 na 12.7. Milioni 8 iko humo ndani, watu wakaibeba ikatembea mpaka ikafika kwako ikiwa imeshavua nguo. Sasa mwalimu anayeijua hiyo namba akikuta umeandika "kati ya 4.8 na 12.7 kwa mwaka 2010, kwa makadirio" anakuamini hata ukurasa unaofuata, akikuta "milioni 8 kila mwaka" anaanza kukukagua kama trafiki. Tena zaidi ya hapo: wewe uko Mwanza, una ziwa, bahari ya dunia nzima inafanya nini kwenye pepa yako ya halmashauri? Itoe.

Ushahidi ulio bora kwako uko dakika ishirini kwa daladala. Kaa nje ya geti la soko, Jumamosi saa moja asubuhi na Jumatano saa moja asubuhi, na daftari, hesabu watu wanaotoka wamebeba nini: kifungashio, mfuko mbadala, kapu, kiroba, mikono mitupu. Chora safu tano upige mistari, basi. Halafu ongea na wauzaji sita saba uwaulize wananunua wapi vifungashio na kwa nini hawatumii mfuko mbadala. (Omba ruhusa kwanza kwa uongozi wa soko na uwaambie wewe ni mwanafunzi, maana ukikaa na daftari bila kusema watadhani ni ushuru, na hapo kila mtu anaficha mzigo wake na data imekufa.)

Nikuonyeshe aya, maana kuambiwa "boresha hoja" bila kuonyeshwa ni mateso. Hii ni yako nimeifupisha kwa Kiswahili:

"Mifuko ya plastiki ina madhara mengi. Watanzania wengi bado wanatumia plastiki licha ya marufuku. Hii inathibitisha kwamba sheria haifanyi kazi. Serikali ichukue hatua kali."

Na hii ni ileile ikiwa na kazi ya kufanya, namba natunga mimi kukuonyesha tu, zako utaenda kuzihesabu:

"Katika saa mbili za kuhesabu kwenye lango moja, kati ya wateja 120 hakuna aliyetoka na mfuko wenye mikono, ila 74 walitoka na kifungashio laini. Kwa soko hili basi marufuku ilitii kwa jina la mfuko, siyo kwa plastiki yenyewe. Wauzaji wote niliozungumza nao walinunua vifungashio kwenye maduka mawili ya jumla ya mtaa uleule. Mkaguzi mwenye siku moja ya kazi angewafikia wote kupitia milango miwili."

Angalia nilichofanya. "Watanzania wengi" imekufa, imebaki "soko hili", maana hujahesabu Watanzania umehesabu lango. "Inathibitisha" nayo imekufa. Na ile sentensi ya mwisho haijasema "serikali ichukue hatua kali", imefanya msomaji aone mwenyewe milango miwili. Ule mstari wa "marufuku ilitii" nao ukiusoma tena unaona una kasoro, marufuku haitii, watu ndo wanatii, nimeuacha makusudi uone kwamba hata baada ya miaka yote hii rasimu inatoka hivo. Andika "watu walitii".

Sasa mpinzani. Wengi mnamuweka ukurasa wa mwisho, mnamtafutia hoja dhaifu, mnampiga kofi moja basi. Tafuta hoja yake nzito kuliko zote. Kwako naijua: mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilitoa utafiti uliopima mifuko tangu inatengenezwa mpaka inatupwa, wakakuta mfuko wa pamba wa kawaida unahitaji kutumika mara 7,100 ili athari zake, kwa vigezo vyote walivopima, zifikie kuwa sawa na za mfuko wa kawaida wa plastiki wa dukani. Mara elfu saba! Mtu akikurushia hiyo na hukuijua, pepa imezama. Na mifuko mbadala mingi tunayobeba ni polipropilini, yaani nayo ni plastiki ingawa inashikika kama kitambaa.

Kwa hiyo unafanyaje, unaificha? Hapana, unaileta mwenyewe mezani na unaisoma mpaka mwisho, maana jibu limo humohumo. Ile 7,100 inavutwa juu na kigezo kimoja, uharibifu wa tabaka la ozoni, kwenye mabadiliko ya tabianchi peke yake namba inashuka sana. Halafu hao watafiti wakasema wazi kwamba uchafu unaozagaa hawakuuhesabu kwa sababu kwao Denmark waliuona ni mdogo wa kupuuzwa, mifuko yao inaishia kwenye taka zinazokusanywa. Sasa toka nje uangalie mtaro wa mtaa wako mvua ikinyesha. Unaweza kukubali hesabu yao yote kama ilivo na bado ukasema hawakupima kile kinachotusumbua sisi. Huko ndo kushawishi, unamwachia mpinzani alichopata kihalali, halafu unaonyesha kinapoishia. Ila uwe mkweli pia, hiyo namba inakubana na wewe kwenye pendekezo, huwezi tena kuandika "watu wahamie mifuko ya nguo" kirahisirahisi, kapu la ukindu la bibi nalo sijaona aliyelipima kwenye utafiti huo.

Kenya utaiweka? Mstari mmoja, siyo ukurasa. Wao walianza tarehe 28 Agosti 2017 na faini ya shilingi za Kenya milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, na Rwanda walitangulia wote tangu 2008. Wanafunzi wanapenda kulinganisha kwa sababu inajaza karatasi. Linganisha kama inasaidia dai, mfano kuuliza kama faini kubwa inabadilisha chochote pale mwenye kifungashio akiwa hakamatiki.

Rejea, kwa kifupi: yoyote ambayo hujaifungua ukaisoma, futa. Na kama ulimuuliza ChatGPT akupe makala, kazitafute moja moja kwenye Google Scholar (sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma) maana hizi akili mnemba zinakutungia makala nzima, jina la mwandishi, mwaka, namba ya jarida, na makala haipo duniani. Nimeshakutana na mwanafunzi ameleta nne za hivo kwenye kazi moja, alilia ofisini kwangu, na sikuwa na cha kumsaidia.

Kiingereza kisikunyime usingizi. Andika dai na kila sentensi ya kwanza ya aya kwa Kiswahili kwanza, zisome zikifuatana bila aya zenyewe, zikileta maana kama mtu anaongea basi muundo umekaa, ndo uhamishe. Sentensi fupi. Anayeandika "it is of paramount importance to note that" siyo kwamba anajua Kiingereza kuliko wewe, anatafuta kurasa.

Usianze upya. Historia ya plastiki toa, aina za plastiki toa, pamoja na ule mchoro wa rangi ukurasa wa 4 najua umekugharimu usiku mzima, toa. Madhara kwa mifugo yabaki aya moja. Kanuni za 2019 zibaki ila kutoka kwenye chanzo chenyewe, na hizo zije juu kabisa baada ya dai. Hapo utabaki kama na kurasa tatu, siku mbili za sokoni zitakupa mbili na nusu, Denmark na wale watu watatu watakula zilizobaki, utangulizi uandike siku ya mwisho ukishajua umesema nini. Jumamosi ni keshokutwa, wahi saa moja asubuhi kabla jua halijakuwa kali, na nenda na kalamu mbili.