Kila Somo na Nukuu Zake

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Je, nukuu anazoandika mwanafunzi darasani zinamsaidia kuelewa somo, au zinamjazia daftari tu?" Ninafundisha Jiografia na Biolojia katika shule ya sekondari ya kata wilayani Kilwa. Jibu langu ni kwamba nukuu hujaza daftari pale masomo yote yanapoandikwa kwa namna moja, na humsaidia mwanafunzi pale kila somo linapoandikwa kwa namna inayolifaa.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimpa monita daftari langu la nukuu za somo, naye anaandika ubaoni kutoka kona hadi kona huku wenzake wakinakili. Darasa lilitulia, kaunta buku zilijaa, na mkaguzi alipokuja alikuta kila mada imeandikwa. Kisha siku moja, tukiwa tumemaliza mada ya kujaa na kupwa kwa bahari, nilimwomba kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, anieleze maana ya istilahi ya Kiingereza, "spring tide", ambayo alikuwa ameinakili vizuri na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Alinijibu kuwa ni maji yatokayo ardhini. Neno "spring" kwa Kiingereza hutumika pia kwa chemchemi, na hiyo ndiyo maana aliyoikuta katika kamusi. Nikamuuliza bamvua ni nini. Hapo hakusita: ni siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana, akina mama wakaenda mbali mwambani kuchokoa pweza, na baada ya kama siku saba yanakuja maji mafu. Mambo yote ya ukurasa ule alikuwa akiyajua tangu utotoni, ila hakuna mstari hata mmoja katika daftari uliomwambia kwamba kinachozungumzwa ni bamvua.

Tangu siku hiyo wanafunzi wangu huugawa ukurasa kwa mstari wa wima. Upande mmoja huandikwa istilahi na maelezo kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, na upande wa pili mwanafunzi hueleza jambo lilelile kwa Kiswahili chake, bila kunakili kwa jirani. Chini yake huchora jua, dunia na mwezi: vikiwa katika mstari mmoja, mvuto wa jua na wa mwezi hujumlishana na bamvua hutokea, mwezi ukiwa nusu, huvuta kwa pembe mraba na mvuto wa jua, na maji hufa. Wapo walimu wenzangu wanaoona kuwa Kiswahili daftarini kitawadhoofisha watoto katika Kiingereza. Ninawaheshimu, lakini mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha akakutana na Kiingereza karibu katika kila somo la kidato cha kwanza, hawezi kueleza kwa lugha ngeni jambo ambalo hajalielewa kwa lugha yoyote.

Historia inataka mkono mwingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo, maana Vita vya Majimaji vilianzia kwetu. Katika madaftari mengi niliyoyaona, vita hivyo ni orodha mbili, ya sababu na ya matokeo, kila moja ikiwa na nambari zake, na mwanafunzi hukariri nambari. Lakini tukio la historia huzaa jingine, na nukuu zake zinapaswa kuonyesha uzazi huo. Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waliing'oa. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshawapa watu wa lugha mbalimbali dawa moja ya maji na imani moja. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa, na vita vikaendelea hadi 1907. Mwanafunzi aliyeyaandika mambo haya kwa mfuatano atajiuliza mwenyewe kwa nini vita havikufa pamoja na Kinjekitile, na swali hilo lina thamani kuliko nambari zote sita za sababu.

Vivyo hivyo kwa idadi ya waliokufa. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Daftari lenye nambari moja tu linamficha mwanafunzi jambo kubwa, kwamba wengi waliuawa na njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala, na kwamba aliyehesabu ni nani na alimuuliza nani huamua hesabu inayopatikana. Ninawaomba walimu wa Historia waache nafasi pembeni mwa ukurasa, iandikwe "nani kasema". Gwassa naye alianza kwa kuketi na wazee na kuandika waliyomsimulia, na wapo wanafunzi wetu wenye babu na bibi katika vilima vya Umatumbi hadi leo.

Katika Biolojia, hatari ni kuandika jibu bila sababu. Chukueni jaribio la kupima wanga katika jani. Nukuu za ubaoni husema: chemsha jani katika maji, lichemshe katika spiriti, lisuuze kwa maji ya uvuguvugu, dondoshea iodini, litageuka bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Anayezikariri huandika hatua zote kwa usahihi na kukwama anapoulizwa spiriti ilikuwa ya nini. Sasa ninawataka waandike "kwa nini" mbele ya kila hatua: maji ya moto huliua jani na kulilainisha, spiriti huondoa rangi ya kijani ili rangi ya iodini ionekane, na chombo cha spiriti huwekwa ndani ya maji ya moto kwa sababu spiriti hushika moto upesi. Daftari la namna hii huwa na kurasa chache, na baadhi ya wazazi wamenilalamikia kwamba mtoto haandiki.

Hisabati na Fizikia hufuata njia hiyohiyo, sababu pembeni mwa kila hatua ya ukokotoaji. Kwa somo la kompyuta, ambapo wanafunzi wengi hugawana mashine chache, nukuu bora nilizowahi kuziona zilikuwa za binti aliyeandika kila kosa ambalo programu yake ilimpa, chanzo chake, na alivyolirekebisha.

Sitaki kuwalaumu walimu wanaojaza ubao. Pale kitabu kimoja kinaposomwa na wanafunzi wengi, ubao ndio kitabu, na kunakili ndiyo njia pekee ya kukipeleka nyumbani. Vijitabu vinavyotolewa kopi katika steshenari vinatokana na uhitaji huohuo. Hata hivyo, kuwa na nukuu ni jambo moja na kujifunza kwazo ni jingine. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi waliyarudia kuyasoma, wengine waliyafunika na kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini baada ya wiki moja walioandika bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi.

Kwa hiyo kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, madaftari ya darasa langu hufungwa. Kila mmoja hupewa karatasi tupu na dakika kumi za kuandika alichobaki nacho katika mada ya wiki, kisha hufungua daftari na kujaza kwa kalamu nyekundu yale aliyoyasahau. Karatasi hiyo hubandikwa mwishoni mwa mada, na nimewaambia kwamba mtihani ukikaribia waanze na maandishi mekundu.