Kabla hujaenda kuwahubiria "Wamang'ati": yaliyonipata Basotu

Bwana Yesu asifiwe. Ndugu mmoja ameuliza hapa: kanisa lake linamtuma mwezi wa nane kwenda kwa "Wamang'ati" wa Hanang, na anaomba mbinu za kuwapata upesi kwa sababu wafadhili watataka ripoti baada ya miezi 6. Mimi nimekuwa mwinjilisti upande ule kuanzia 2009 hadi 2014, kwenye tambarare za Basotu. Mbinu sina. Nina yaliyonipata.

Nianze na hilo jina. Wale ni Wadatoga, na pale Hanang wengi wao ni Wabarabaig. Mang'ati ni neno la Kimasai, maana yake adui. Wamasai walipigana nao wakawaita hivyo, na sisi majirani tukaliokota neno tukaendelea nalo. Mimi ni Mnyiramba. Utotoni tulikuwa tunatishwa tulale, Mang'ati asije, na hofu yenyewe haikuwa hadithi tupu, maana kuna watu wa pande zote wamekufa kwa ajili ya ng'ombe. Sasa fikiria, ndugu yangu: unasimama kumwambia mtu Mungu anampenda, na huku unamwita adui. Nilihubiri hivyo karibu mwaka mzima kwa kinywa cha mkalimani, na hakuna aliyenisahihisha. Walishazoea kuitwa hivyo.

Mwaka huohuo nilimpiga picha binti mmoja aliyekuwa anachunga ndama. Sikumwomba ruhusa yeye wala wazazi wake. Niliituma makao makuu pamoja na ripoti, nikasahau. Baada ya miezi ikaletwa bahasha ya vipeperushi vya kuchangisha fedha, na sura ya yule binti imejaa ukurasa wa mbele. Nilifurahi kweli, nikampelekea babu yake kimoja nikidhani ni heshima kwake. Mzee akakishika muda mrefu. Kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa anasoma shule ya msingi, akamwuliza kama wameandika jina la dada yake. Hamna. Wameandika nini? Kijana akasoma taratibu: "Watu wasiomjua Mungu." Mzee akanigeukia, akauliza bila ukali wowote: "Mwalimu, huyu mtoto anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimepita kwenye boma lile mara nyingi, nimekunywa maziwa yao, na sikujua jina la mtoto ambaye sura yake ilikuwa inatuchangishia fedha.

Siku ile mzee alinisimulia habari za mashamba ya ngano. Miaka ya 1970 na 1980 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa katika tambarare zile, takriban ekari 100,000, na hayo yalikuwa ndiyo malisho yao bora. Matrekta yalilima hadi juu ya bung'eda, yale makaburi ya vichuguu wanayowajengea wazee wanaoheshimiwa sana, ambayo maziko yake huchukua miezi na kukusanya watu kutoka mbali. Kwa macho ya aliyetoka nje pale palikuwa pori tu. Mzee hakunilinganisha na watu wa matrekta, ila mimi mwenyewe nilijilinganisha njiani nikirudi. Mimi pia nilikuwa nimekuja na karatasi, nikaona uwanja mtupu wa kulimwa.

Kilichonibadilisha hasa kilikuja masika yaliyofuata. Binti yetu alishikwa na degedege usiku, mvua inanyesha, korongo limejaa na pikipiki haiwezi kupita. Mke wangu akatoka nje akapiga yowe. Waliokuja ni vijana wenye mikuki, wale wale niliotishiwa nao utotoni. Wakambeba mtoto, wakavuka korongo maji yakiwa kifuani, wakapokezana hadi tukapata gari la kutufikisha hospitali ya Haydom. Akaja pia mama mmoja, mwenye chale zilizozunguka macho kama walivyo wanawake wao wengi, akalala sakafuni karibu na kitanda siku tatu akimsaidia mke wangu. Huyo mama alikuwa kwenye ripoti yangu ya mwezi. Nilikuwa nimeandika: "Nyumba ya sita, mwanamke mmoja, hakukubali."

Nilikuwa nimehubiri habari za Msamaria sijui mara ngapi, na kila mara Msamaria ni mimi. Usiku ule mimi ndiye niliyelala njiani.

Pale hospitali nilisoma tena Marko 10, yule tajiri kijana. Imeandikwa Yesu "akamkazia macho, akampenda", ndipo akamwambia neno gumu. Na yule kijana akaondoka kwa huzuni! Upendo ule haukungoja jibu lake, wala hatusomi kwamba ulikoma alipogeuka. Ndugu, mimi bado ninahubiri na bado ninabatiza. Sitaki mtu aelewe kwamba ninafundisha tufunge midomo. Ninachokataa ni kumpenda mtu kama mvuvi anavyotunza chambo. Wafugaji wanaujua ujanja huo haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu wametembelewa na wengi waliokuwa na fomu mkononi.

Niliporudi niliwaandikia wakubwa wangu kwamba safu ya idadi ya waliookoka nitaiacha wazi kwa mwaka mmoja. Haikuwa rahisi, posho ilichelewa na maneno yalisemwa. Mwaka ule nikajifunza Kidatoga kwa watoto, vibaya sana mwanzoni. Nikahudhuria misiba. Nikaenda kwa yule mzee kumwomba radhi kwa ajili ya picha, na vipeperushi vilivyobaki nikavichoma mbele yake. Jina la mjukuu wake ninalijua sasa, lakini silitaji hapa kwa kuwa hajaniruhusu.

Mzee hakubatizwa. Asubuhi aliomba kwa Aseeta, ndivyo Wadatoga wanavyomwita Mungu, kama baba yake alivyoomba, na tuliongea habari za Mungu jioni nyingi, yeye akiniuliza maswali ambayo chuo cha Biblia hakikuniandaa kuyajibu. Alipofariki niliitwa nibebe udongo wa kaburi lake pamoja na wanawe.

Kuhusu mwezi wa nane: ni kiangazi, vijana wengi watakuwa mbali na ng'ombe wakitafuta maji, kwa hiyo bomani utawakuta wazee, kina mama na watoto. Usitoe kamera. Nunua daftari dogo la kuandikia majina, lakini andika ukishafika kwako, si mbele yao. Na waombe wakubwa wako mwaka mzima kabla ya ripoti ya kwanza. Wakikataa, niandikie faraghani, nitakuonyesha barua niliyowaandikia wangu.