Re: Istanbul mara ya kwanza na begi mgongoni
Mkuu umeuliza Istanbul ikoje ukishuka mara ya kwanza, bana mi kilichonishtua ni vilima, simu inakwambia dakika 5 kumbe ni mpando mwanzo mwisho, nilifika gesti kule mtaa wa Sultanahmet nimelowa jasho chapachapa. Nunua mapema Istanbulkart, ile kadi ya kulipia nauli, inakubali metro, tramu mpaka feri. Halafu panda feri ya Eminönü kwenda Kadıköy, kama dakika 20 hivi ushatoka Ulaya umeingia Asia, chai ya moto kwenye kiglasi hakina hata mkono unashika ukingoni usiungue, na shakwe wanafuata nyuma watu wanawarushia vipande vya simit, yale mamikate ya duara yenye ufuta. Paka sasa! Wanalala kwenye viti vya mgahawa na hamna anayewafukuza 😂 Teksi mi nilizungushwa, sikurudia.