Re: Saa ya kuzamia kwa pumzi moja yenye masasisho

Ndugu, kwa kuwa unataka saa ya kuzamia kwa pumzi moja ambayo programu yake husasishwa, tazama Suunto D5 au Garmin Descent G1. D5 unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wake, programu ya SuuntoLink inamaliza kazi. G1 hupokea masasisho kupitia simu, na ina hali ya Apnea Hunt inayozima milio ya kuanza na kumaliza mbizi. Wavuvi wanaozamia na bunduki za mishale wataipenda.

Ila kwangu kengele ya mapumziko ya juu ya maji kati ya mbizi ndiyo muhimu zaidi. Ukizama dakika 1 na nusu, kaa juu angalau dakika 3. Kengele hiyo iweke itetemeke mkononi. Na tafadhali sana, usizame bila mwenzako; ukizimia, saa haikuvuti juu.

Sasisha nyumbani betri ikiwa imejaa, kisha kagua kengele zote upya.